Fuvu linapumua? Historia ya mikono juu ya kichwa kilichoumia

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mdogo wangu alianguka kwenye moto akitoka chuo. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imejaa matope, dereva akakwepa gari na wote wawili wakaenda chini. Dereva alikuwa na kaske. Mdogo wangu hakuwa nayo, sawa abiria wengi wa hapa Bukavu. Alilala siku tatu bila kutambua mtu. Kwenye karatasi yake munganga aliandika "Glasgow 8". Skana ikaonyesha damu kidogo ndani ya fuvu. Wakasema haihitaji kupasuliwa, tungoje. Tulingoja. Siku ya nne akafungua macho akaomba chai.

Watu walisema "amepona, Mungu asifiwe". Wanaosema hivyo hawajaishi na mtu wa namna hiyo nyumbani. Ndiyo, alitembea, alikula, aliongea. Lakini kichwa kilimuuma kila siku. Akigeuza shingo haraka, nyumba inazunguka. Anaanza kusoma ukurasa mmoja, akifika chini amesahau juu kulikuwa nini, anafunga kitabu. Na hasira! Kijana ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mama, sasa anarusha sahani juu ya redio ya jirani.

Ndipo jirani mmoja akatuletea habari ya bwana fulani aliyesomea "osteopatia ya fuvu" ng'ambo. Dola 25 kwa seansi, seansi kumi. Dola 250 ni pesa tuliyokuwa tumeweka kwa frais za chuo za mdogo wangu, hakuna nyingine. Bwana yule alikuja, mpole, mikono safi, akatueleza vizuri: mifupa ya kichwa inacheza kidogo kidogo, kama mbavu mtu anapopumua, maji ya ubongo yanaenda na kurudi kwa mpigo wake, aksida imefunga ule mchezo, mikono yangu itaufungua. Mama alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza tangu aksida mtu alikuwa anatuambia kitu cha kufanya, si kungoja tu.

Mimi nilisoma historia. Skana siwezi kuisoma, na sindano naiogopa. Lakini kitu kimoja tulifundishwa: ukiletewa habari, uliza ilianzia wapi, nani aliisema kwanza, aliona nini kwa macho yake, na baada yake nani alienda kuhakikisha. Nikaanza kutafuta usiku, umeme ukiwepo. Nililotafuta lilikuwa jibu kwa mama. Nililopata ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na nafikiri inawahusu wengi kati yenu wenye ndugu kama wangu.

Inaanza Marekani, na mtu anaitwa Andrew Taylor Still. Alizaliwa mwaka 1828 katika Virginia, baba yake mhubiri na munganga kwa pamoja, kazi mbili ambazo wakati ule zilienda vizuri kwenye farasi mmoja. Still alijifunza uganga kwa baba yake, kwenye mpaka wa Kansas. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika aliingia upande wa Kaskazini. Kisha, mwaka 1864, homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake na kuua watoto watatu. Waganga waliitwa, walifanya walichojua, haikusaidia kitu.

Hapo nawaomba msicheke mapema. Tunapomsoma Still leo ni rahisi kuona mtu wa ajabu-ajabu tu. Lakini angalieni dawa zilizokuwepo. Kalomeli, ambayo ni zebaki, ilitolewa mpaka meno yakalegea. Kutoa damu. Kutapisha. Baba aliyezika watoto watatu akasema dawa hizi hazina maana, hakuwa mjinga. Kosa lake halikuwa kukataa. Swali ni aliweka nini mahali pa alichokataa. Tarehe 22 mwezi wa sita mwaka 1874 ndiyo siku aliyoitaja yeye mwenyewe kuwa siku alipoinua bendera ya osteopatia: mwili una dawa yake ndani, mifupa ikikaa vibaya inabana njia za damu na mishipa ya fahamu, mikono ikiirudisha, mwili unajitibu. Chuo kikuu cha Baker, pale Kansas, ambacho familia yake ilisaidia kukianzisha, hakikutaka kumsikia. Akahamia Kirksville, Missouri, akawa anazunguka mijini akijitangaza kuwa mrudishaji mifupa wa haraka kama radi.

Mrudishaji mifupa! Hapo nilisimama nikacheka peke yangu. Maana sisi wote tunamjua huyo mtu. Hakuna kijiji cha Kivu bila mzee anayeunga mkono uliovunjika kwa vijiti na majani, na wengine wanaosifiwa kutoka mbali. Uingereza pia walikuwa nao. Mwaka 1867 munganga mkubwa wa upasuaji wa London, James Paget, alichapisha somo kuhusu wagonjwa ambao hawa warudishaji mifupa wanawaponya. Aliwaonya wenzake kwamba watu hao wanafanya madhara, ndiyo, lakini pia wanaponya maungio ambayo daktari ameyaacha yakakauka, na kwamba mwenye akili ajifunze lililo jema kwao na aache lililo baya. Kwa hiyo Still hakutoka hewani. Alichukua kazi ya zamani ya mikono, akaipa maelezo makubwa ya kila ugonjwa, na mwaka 1892 akaijengea shule huko Kirksville. Wanawake waliingia tangu darasa la kwanza, jambo ambalo shule nyingi za uganga za wakati ule hazikutaka.

Sehemu inayofuata napita haraka. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilizichapa shule zote dhaifu za uganga Marekani, za osteopatia zikiwemo. Zilizobaki zilibadilika: zikafundisha dawa, upasuaji, maabara, kila kitu. Leo munganga wa osteopatia Marekani ni munganga kamili. Anaandika dawa, anapasua, na wengi wao mikono ile ya Still hawaitumii sana. Ulaya njia ilikuwa nyingine. Mwanafunzi wa Still, Mskoti John Martin Littlejohn, alifungua shule London mwaka 1917, mwaka uleule Still alipokufa, na kutoka hapo osteopatia ikaenea kama kazi ya watu ambao wengi si waganga. Wandugu, shikeni tofauti hii. Mtu akisema "mimi ni wa osteopatia", uliza kwanza ni wa upande gani wa bahari. Yule aliyekuja kwetu alikuwa wa upande wa Ulaya, mafunzo ya wikendi kwa wikendi. Alituambia mwenyewe, hakuficha.

Lakini Still hakusema kwamba fuvu linapumua. Aliyesema ni mwanafunzi wake.

William Garner Sutherland alikuwa mtu wa magazeti kabla ya kwenda Kirksville. Mwaka 1899, akiwa bado mwanafunzi, aliona fuvu lililofunguliwa vipande vipande kwa ajili ya kufundishia. Akatazama namna mfupa wa panja unavyokutana na jirani yake: kingo zimechongwa kwa mshazari, zimepandana. Akawaza mashavu ya samaki. Na kama ni mashavu, basi ni ya kupumulia.

Hebu fikirieni: wazo zima, lililokuja kulipwa dola 25 sebuleni kwetu, lilizaliwa kwa kutazama umbo la mfupa mkavu. Mfanano tu. Mimi sisemi mfanano ni kitu kibaya, sayansi nyingi inaanza hivyo. Sutherland mwenyewe, kwa heshima yake, kwanza alitaka kuthibitisha kwamba wazo lake ni la kijinga. Alijitengenezea vifaa vya kubana kichwa chake mwenyewe, mikanda na vitu vya nyumbani, akajibana huku na huku kwa miaka. Mke wake Adah, aliyekuja kuandika kitabu juu ya maisha hayo, alimwona akibadilika tabia kufuatana na alivyojibana. Nilimhurumia huyo mama. Lakini kama mtu wa historia naona jambo lingine: mjaribu ni mmoja, mjaribiwa ni yuleyule, anayejua anachotafuta ni yuleyule, na shahidi ni mke wake. Mwaka 1939, baada ya miaka 40 tangu alipoona lile fuvu, alichapisha kijitabu chake, The Cranial Bowl. Mfumo ulikuwa umekamilika: ubongo unajikunja na kujikunjua, maji yake yanapanda na kushuka, tando zinavuta, mifupa ya fuvu inacheza, na mfupa wa chini ya mgongo unaitikia.

Wakati Sutherland anawaza mashavu ya samaki, wenye kupasua walikuwa tayari na wazo lingine kuhusu fuvu, la zamani zaidi. Alexander Monro wa Edinburgh mwaka 1783, na George Kellie mwaka 1824, walisema fuvu la mtu mzima ni sanduku gumu lisilotanuka. Ndani kuna ubongo, damu na maji. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue, la sivyo presha inapanda. Mtoto mchanga ana utosi laini, umeuona ukipiga juu ya kichwa cha kila mtoto uliyembeba. Mtu mzima hana nafasi hiyo. Na ni juu ya wazo hili mdogo wangu aliangaliwa usiku na mchana siku zile tatu: damu kidogo, ndiyo, lakini ikiongezeka ndani ya sanduku, ubongo hauna pa kukimbilia. Hiyo Glasgow 8 kwenye karatasi nayo ni sehemu ya kazi hiyohiyo, kipimo cha alama 3 mpaka 15 kilichochapishwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, miaka 100 kamili baada ya bendera ya Still. Munganga anatazama macho, maneno, mikono na miguu, anajumlisha. Mwenzake akija zamu ya usiku anajumlisha pia, na namba zao zinakaribiana. Kumbukeni hili la namba kukaribiana.

Turudi kwa mikono. Mtu aliyeitoa kazi hii nje ya waganga ni John Upledger, munganga wa osteopatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akisaidia upasuaji wa shingo, aliona utando wa uti wa mgongo ukicheza kwa mpigo ambao, kwa maoni yake, haukuwa wa moyo wala wa pumzi. Akaenda kufanya utafiti chuo kikuu cha jimbo la Michigan, kisha akaanza kufundisha watu wa kila aina, waganga na wasio waganga, na mwaka 1985 akafungua taasisi yake Florida. Mafunzo ya wikendi ya bwana wetu, ukifuata uzi wake nyuma, unafika hapo.

Na ni chuo kikuu hichohicho cha Michigan kilichonipa karatasi niliyokuwa naitafuta, inayozungumza juu ya watu kama mdogo wangu. Philip Greenman na John McPartland waliichapisha mwaka 1995 katika jarida la waganga wa osteopatia wenyewe. Walikusanya rekodi za wagonjwa 55 walioumia ubongo, waliofika kwenye programu ya kurudisha uwezo kati ya 1978 na 1992. Mpigo wa fuvu waliouhisi kwa mikono ulikuwa wa chini kwa wote, wastani 7.2 kwa dakika. Asilimia 95 walikuwa na angalau namna moja ya mkazo kwenye fuvu. Asilimia 87 walikuwa na mifupa "iliyofungwa". Mpaka hapo bwana wetu angefurahi. Lakini jambo lililowafanya waandike kichwa cha karatasi yao namna ile ni lingine: kati ya hao 55, watatu waliumizwa na tiba yenyewe. Asilimia 5. Waandishi walisema ni wachache, ila anayeshika kichwa cha mtu kama huyo awe tayari kwa hilo.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Mmoja kati ya 18 hivi. Na waliosema si maadui wa osteopatia, ni walimu wake. Wanasema tiba imeonekana kusaidia kwa uzoefu wao, na papo hapo wanaandika madhara yao. Huo ni uaminifu ambao sikuuona kwenye video yoyote kati ya zile alizotutumia bwana yule, ambako kila mgonjwa anatabasamu. Lakini tusome karatasi kwa ukali pia: ni rekodi ya walichokihisi, si jaribio la kulinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa. Haiwezi kutuambia kama mtu alipona juu ya mikono au juu ya wakati. Na mtu aliyeumia ubongo, miezi ya kwanza, mara nyingi anaendelea vizuri kidogo kidogo hata usipomgusa.

Sasa lile la namba kukaribiana. Kama fuvu lina mpigo, basi watu wawili waliofundishwa wakimshika mtu mmoja wahesabu sawa, au karibu. Mwaka 1994 Wirth-Pattullo na Hayes walijaribu: wataalamu watatu wa kine, watu 12 wa kupimwa. Kipimo cha makubaliano ambacho kwa wanaokubaliana kabisa ni 1, kilitoka chini ya sifuri kidogo, -0.02. Yaani ungeweza kurusha sarafu. Mwaka 1998 Rogers na wenzake walifanya akili zaidi: wapimaji wawili wakamshika mtu mmoja kwa wakati uleule, mmoja kichwani, mwingine miguuni, kisha wakabadilishana, kwa watu 28. Kwa kuwa nadharia inasema mpigo ni mmoja mwili mzima, kichwa na miguu vilipaswa kukubaliana. Havikukubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa, Guillaud na wenzake, walikusanya majaribio yote waliyopata kuhusu osteopatia ya fuvu, ya kupima na ya kutibu, wakasema ushahidi wa kutegemea haupo upande wowote.

Niliposoma haya sikufikiri kwamba bwana yule ni mwongo. Nafikiri anahisi kitu kweli. Shika kichwa cha mtu kimya dakika 20, utahisi mpigo: damu yake, pumzi yake, damu ya vidole vyako wewe. Shida ni kwamba kila mmoja anahisi wake.

Wapo leo wanaosema tungoje, sayansi itamrudia Sutherland, juu ya ugunduzi wa mwaka 2012 wa kikundi cha Maiken Nedergaard huko Rochester kuhusu namna maji yanavyosafisha ubongo yakipita kandokando ya mishipa ya damu. Ni ugunduzi mkubwa, nao ulifanywa kwa panya. Lakini kwamba maji ya ubongo yanatembea hakuna aliyebisha. Kutoka hapo mpaka kusema vidole juu ya panja vinayasukuma, kuna mto mpana na daraja halijajengwa.

Mama nilimwelezea haya jioni moja, bila namba nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Sawa. Lakini mtoto analala sasa. Unataka nini ingine?"

Na ni kweli. Wakati mimi nasoma, mama alikuwa ameshalipa seansi tatu. Na usiku wa kila seansi mdogo wangu alilala, yeye ambaye tangu aksida alikuwa anatembea ndani ya nyumba saa nane za usiku. Sikuwa na jibu. Nikaenda kumwuliza mwenyewe: pale unafanyiwa nini hasa? Akasema: "Yaya, pale hakuna mtu ananiuliza kitu."

Ilinichoma. Maana sisi nyumbani, toka asubuhi: unakumbuka jina la huyu? Leo ni siku gani? Umekunywa dawa? Tulidhani tunamsaidia. Bwana yule alimpa saa nzima ya kimya, kitanda safi, na mikono isiyodai jibu. Hiyo siyo mifupa kufunguka. Lakini siyo bure pia, na mimi niliyekuwa na karatasi zangu zote sikuwa nimempa hata nusu saa ya namna hiyo.

Hapo nikaona kwamba nilikuwa nasoma historia moja tu, na kuna ya pili pembeni yake. Wakati Sutherland anajibana kichwa, Ulaya ilikuwa inajaza mahospitali kwa vijana wenye risasi kichwani. Frankfurt, vita vya kwanza vya dunia, Kurt Goldstein aliwakusanya wanajeshi hao, akawatazama wakila, wakifanya kazi, wakikasirika, na akaona kwamba hasira yenyewe mara nyingi inatokea pale mtu anapopewa kazi ambayo ubongo wake umeshindwa. Niliposoma hapo nikakumbuka sahani na redio. Katika vita vya pili, Aleksandr Luria aliongoza hospitali ya namna hiyo kwenye milima ya Ural. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mgonjwa njia nyingine ya kufika palepale: aliyepoteza kusoma kwa macho, asome kwa kufuatisha herufi kwa mkono. Miezi, miaka. Hakuna anayeuza hiyo kwa seansi kumi.

Na mikono? Mikono ilikuja kupata mahali pake, ila si kwenye fuvu. Anayepigwa kichwa anapigwa shingo pia. Kichwa ni kizito, na shingo ndiyo inayokishika kisiende. Maumivu mengine ya kichwa na kizunguzungu kingine baada ya aksida vinatoka shingoni na kwenye sikio la ndani. Mwaka 2014 Kathryn Schneider na wenzake wa Calgary, Kanada, walichapisha jaribio la kulinganisha kweli: vijana 31 waliogongwa kichwa michezoni, wenye dalili zisizoisha. Kundi moja lilipewa kine ya shingo kwa mikono pamoja na mazoezi ya macho na ya kusimama wima. Kundi lingine mapumziko na mazoezi ya kawaida. Baada ya wiki 8, waliruhusiwa kurudi michezoni asilimia 73 wa kundi la kwanza na asilimia 7 wa la pili. Ni watu wachache, na waligongwa kidogo kuliko mdogo wangu, sitaki kuwauzia miujiza mingine. Lakini hapo kulikuwa na kitu kinachopimika, shingo inageuka nyuzi ngapi, jicho linashika au halishiki, na kundi la kulinganisha.

Jambo moja la sheria, kwa kuwa wengi wetu tunasoma kwa Kifaransa na video zinatoka huko. Ufaransa ilitambua jina la osteopatia kwa sheria ya tarehe 4 mwezi wa tatu 2002. Dekreti ya mwaka 2007 ikaongeza kwamba asiye munganga haruhusiwi kunyonga shingo ya mtu mpaka daktari athibitishe kwanza kwamba hakuna kizuizi. Juu ya nini? Mshipa wa damu unaopita ndani ya mifupa ya shingo unaweza kuchanika. Kwa mtu aliyeanguka kwenye moto hilo si neno la kwenye karatasi.

Siku ya seansi ya nne nilienda pamoja nao. Nilimwuliza bwana yule, kwa heshima, maswali mawili. Ameona skana ya mdogo wangu? Amezungumza na munganga aliyemtibu? Alinyamaza kidogo, akasema hapana, hakuna aliyempa. Akauliza kama ninayo. Niliitoa kwenye bahasha, akaiweka juu ya mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia polepole kwamba damu ndani ya kichwa hakuambiwa, na kwamba leo hatagusa. Alirudisha dola 25. Nilikuja pale kugombana naye, nikatoka nikimshukuru.

Tulirudi hospitali, sehemu ya kine. Mwanamke mmoja kijana alimgeuza shingo taratibu akipima, akamfanya afuate kidole kwa macho, akasema shingo imekauka upande wa kushoto na macho yanachelewa. Dola 7 kwa siku, mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani ambayo mama alianza kuyasimamia kama askari. Usiku, nusu saa, mmoja wetu anakaa naye bila kuuliza kitu. Hiyo hatukuandikiwa na mtu.

Kizunguzungu kilipungua mwezi wa tano wa kine. Siwezi kuapa ni kine, au nusu saa zile, au ni wakati tu. Nimewaambia mwenyewe kwamba bila kundi la kulinganisha hatujui, na mdogo wangu ni mmoja. Maumivu yapo bado siku za mvua. Frais zilichelewa, alipoteza mwaka.

Andiko hili nilimpa alisome kabla yenu. Alilisoma kwa siku mbili, sehemu kwa sehemu. Alilirudisha akiwa ameweka mstari mmoja tu wa kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba rekodi za Greenman ni za miaka 15. Pembeni ameandika: "1978 mpaka 1992, toa tena."

Nikatoa tena, nikapata 14, nikaufuta ule mstari.